Moshi wa Jirani Mstaarabu

Dobi alikuwa amechoka, tena si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Kutwa anafua mashuka ya watu, na chumba cha nyuma amelala mumewe, fundi viatu wa zamani, kifua kimemharibika. Daktari alishaonya: moshi ukimpata vibaya, pumzi itakatika. Ugonjwa wenyewe dobi aliuficha, hakutaka mtaa mzima umwonee huruma.

Sasa, nyuma ya ua aliishi karani mstaafu, mtu wa miti na majani makavu. Kila karani akishika reki kukusanya majani ya kuchoma, dobi huacha alichoshika, huanua nguo mbichi zisije zikanuka moshi, kisha hukimbilia dirisha la mgonjwa kulifunga. Kusema? Thubutu. Jirani ndiye ndugu wa karibu, na neno likitoka halirudi. Basi anaanika upya kesho yake, anaguna peke yake.

Jumamosi moja hakuanika kitu. Usingizi ulimpitia kitini, akaamshwa na kikohozi. Chumba kimejaa moshi. Akatoka mbio hadi uani.

"Mzee, moto huo, tafadhali."

"Kwani kuna nguo, mama? Mimi hungoja uanue kwanza ndipo niwashe. Siwezi kukuchafulia kazi."

Lo, kumbe miaka yote hiyo ni yeye dobi, kwa kuanua kwake, aliyekuwa akimpa ruhusa! Hata nguvu za kucheka hakuwa nazo.

"Si nguo," akasema. "Ni mume wangu. Kifua."

Karani wa watu, kwa wema wake wa pupa, akaumwagia moto ndoo nzima ya maji. Mtu mzima na mvi zake hajui kwamba hapo ndipo unauchokoza moshi. Ukapanda mzito, mweupe, ukaelekea dirishani moja kwa moja.

Wakaingia ndani wote wawili. Karani akajikaza, akamwinua fundi, akamtoa barazani upande wa mbele wenye hewa. Alijiandaa kubeba mwanamume, akajikuta amebeba mifupa na shuka. Akamweka kitini polepole, asijue mikono yake aipeleke wapi.

Fundi akavuta pumzi, ikaja kwa shida. Akavuta nyingine.

"Mama," karani akasema, "mbona hukuniambia?"

Dobi akaketi sakafuni, miguu kaitupa mbele.

"Nimechoka, mzee. Hata kusema ni kazi."