Suruali Nje ya Buti

Mguu wa kulia wa baba yangu ni mzima leo kwa sababu shangazi alikubali kuchekwa kwa miaka tisa.

Shangazi ni muosha mabasi. Anafanya kazi katika karakana moja na kaka yake, yaani baba yangu, ambaye ni fundi wa breki. Kabla mafundi hawajagusa basi, yeye hung'oa grisi kwenye injini na chini ya gari kwa mashine inayochemsha maji na kuyasukuma kwa nguvu kupitia mpira mrefu. Mwisho wa mpira kuna bomba lenye kifyatulio, ambalo wote pale huliita bunduki. Naye shangazi wamempachika jina la Birika.

Kilichowachekesha si mashine bali mavazi. Aproni ya mpira, miwani, glavu hadi viwikoni, yote hayo walimsamehe. Lakini suruali! Wenzake wote huchomeka suruali ndani ya mabuti ili zisichafuke. Shangazi huiacha ya kwake nje, ikifunika shingo ya buti na kuburuta kidogo.

"Birika, leo unaolewa na nani?" baba alikuwa akimtania. "Mbona gauni limekuwa refu hivyo?"

"Cheka tu, kaka, meno ni yako. Maji ya kawaida yakiingia kwenye buti, unalowa. Haya ya moto yakiingia, utakuwa umeupika mguu kwenye sufuria yake mwenyewe."

Baba alikuwa na sababu yake ya kuchomeka. Mama hufua kwa mkono, na mafuta ya breki hayatoki kirahisi. Kila jioni suruali ya baba ilipokaguliwa na kukutwa safi, mama alitabasamu, na tabasamu hilo baba hakutaka kulikosa.

Asubuhi moja basi lilitakiwa kuondoka saa nne na ekseli ya nyuma ilikuwa bado na grisi nene. Shangazi alizima mashine akaenda stoo kuchukua sabuni. Baba akaona anachelewa. Mpira haukufika kwenye ekseli, hivyo akaamua kuufungua aunganishe mwingine mrefu zaidi. Mashine ilikuwa kimya, na kwake kimya kilimaanisha usalama. Akachuchumaa, akashika kiungio, akakizungusha.

Mashine ilikuwa imezimwa, ndiyo, lakini maji yaliyokuwa ndani ya mpira hayakuwa na habari. Yalikuwa bado yamebanwa na bado yanachoma. Yaliruka pembeni, yakampiga baba kwenye goti, yakateremka kwa suruali iliyochomekwa hadi ndani ya buti la kulia. Na humo yakatulia.

Baba alipiga yowe moja, kisha akafanya kile ambacho watu wengi hufanya: akabaki amesimama, ameushika mguu wake kwa nje, akingoja maumivu yapite.

Shangazi alilitupa dumu la sabuni, akaja mbio.

"Kaa chini, kaka! Kaa!"

"Subiri kidogo, yatapoa..."

"Hayapoi humo! Leta mguu!"

Hakumbembeleza. Alimkalisha, akalivuta buti kwa mikono miwili, na maji yakamwagika yakifuka mvuke. Akavua soksi, akakata suruali kwa mkasi hadi juu ya goti, akaufungulia mguu bomba la maji baridi. Kisha akatazama saa ya ukutani.

"Dakika ishirini," alisema. "Hakuna kunyanyuka."

Mtunza stoo alifika na tyubu ya dawa ya meno. "Mpake hii, inavuta moto."

"Kapige mswaki," shangazi alimjibu bila kugeuka. "Ukirudi, uje na kitambaa kisafi na gari la kumpeleka hospitali."

Baba anasema dakika zile ndizo alizomtazama mdogo wake vizuri kwa mara ya kwanza. Mkono ulioshika mpira wa maji baridi haukuyumba hata mara moja.

Hospitalini muuguzi alifunua kitambaa. Kifundo cha mguu kilikuwa chekundu, kina malengelenge. Akauliza buti lilivuliwa baada ya muda gani. Aliposikia, akasema lingebaki kwa dakika chache zaidi wangekuwa wanazungumzia kupandikiza ngozi, na huenda baba asingesimama tena kazini siku nzima. "Nani amekufundisha haya, dada?"

Shangazi aliona aibu kidogo. Alikuwa amekisoma kile kijitabu kilichokuja na mashine, ambacho mafundi walikuwa wakiwekea vikombe vya chai.

Baba alikaa nyumbani wiki tatu. Mama aliikunja ile suruali iliyokatwa, akamwambia, "Mafuta nitayafua. Mguu siwezi kuufua." Nami niliyekuwa nimesoma miaka mingi, nilijifunza siku zile kwamba sikuwahi kumuuliza shangazi chochote kuhusu kazi yake.

Siku ya kurudi kazini, baba alikwenda moja kwa moja kwenye mashine, suruali nje ya mabuti. Mafundi waliguna wakijiandaa kucheka. Hakuwajali.

"Mdogo wangu," alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "asante. Sasa nifundishe kuufungua huo mpira."

Shangazi akazima kichomeo kilichokuwa kinachemsha maji, lakini pampu akaiacha isukume hadi maji baridi yalipotoka. Ndipo akaizima, akafunga bomba la maji, akampa kaka yake bunduki. Baba akaielekeza kwenye mtaro, akabana kifyatulio. Maji yalichomoka kwa nguvu, yakalegea, yakawa matone.

"Maji yamenyamaza?" aliuliza.

"Bado. Bana tena."

Akabana. Hakikutoka kitu.

"Sasa yamenyamaza, kaka. Fungua."