Ng'ombe wa Mzee Sitonik

Mimi ni mkulima kutoka kijiji cha Daa. Kwetu mifugo inahesabiwa bila wasiwasi, na hilo ndilo lililoniponza. Hapa Wasso natunza kumbukumbu za chama cha wafugaji kwenye kompyuta, kwa programu ya bure ya kanzidata, yaani orodha zenye mistari na safu.

Mzee Sitonik alikataa kutaja idadi ya ng'ombe wake. "Binti yangu, kuwahesabu ni kuwaletea balaa. Wewe andika ninavyowataja." Akanitajia mmoja mmoja, rangi na alama ya sikio, asubuhi nzima. Sehemu ya idadi ikabaki tupu.

Mwaka jana niliamua kusafisha kumbukumbu. Nikachagua mistari yote isiyo na idadi, nikidhani haijakamilika, nimesahau ya mzee, nikaifuta. Programu ikaniuliza kama nihifadhi mabadiliko. Nikabonyeza ndiyo, mpumbavu mimi, nikaenda kunywa chai. Nakala nyingine sikuwa nayo.

Juzi alikuja Sinyati, binti yake. Mzee amefariki, ng'ombe wamechanganyika na wa jirani, anataka orodha ya baba yake awatambue.

Nikaandika jina la mzee, nikatafuta. Programu ikajibu: sifuri. Ndiyo idadi pekee ya ng'ombe wake iliyowahi kuandikwa.