Una Jamaa Katika Kampuni Hii?

Usiniambie mimi habari za tadrib. Mwanafunzi wa biashara hapa Maskati hahitimu mpaka kampuni impokee kwa hayo mafunzo ya kazi, na kampuni haimpokei mpaka awe na mtu wake ndani. Walimu wetu wa chuo kule Al Khoudh walitwambia tuandike wasifu mzuri, tuvae vizuri, tujibu kwa kujiamini. Wallahi walikuwa wakituchezea shere. Niliandika kila pahala, na wengi hata "hatukutaki" hawakuona haja ya kuniambia. Muhula unakwisha, wenzangu wote washapata, mimi sina kitu.

Bibi yangu mzaa mama aliposikia akacheka. "Wahangaika nini na mjomba wako yupo? Nnampigia sasa hivi."

Mjomba huyu hakuzaliwa na bibi. Wazee wake waliporudi kutoka Unguja hawakuwa na pa kukaa, bibi akamchukua mtoto akamlea pamoja na mama yangu, sahani moja, mkeka mmoja, mpaka akaoa. Sasa ni mkubwa wa kuajiri katika kampuni moja ya Khuwair ya Kusini, na kila Idi huja kumbusu bibi kichwani. Kwenye simu alisema, "Mlete, mama. Huyo si mtoto wangu?" Bibi alifurahi mpaka akapika halua.

Nikaenda. Nyuma ya meza walikaa watu watatu, mjomba katikati, kilemba chake kimekaa sawasawa. Mimi mtoto niliyefundwa, ulimi ukanitangulia.

"Shikamoo, mjomba."

Mmoja wa wenzake akatabasamu akauliza kwa Kiarabu, "Wa Zinjibar, eh?" Mjomba hakuinua uso.

"Tuzungumze Kiarabu, tafadhali," alisema. "Jina lako nani?"

Jina langu! Mtu aliyeniadhinia sikioni siku niliyozaliwa ananiuliza jina! Nikamtajia. Wakaniuliza habari za masoko na mahesabu, nikajibu, na najua nilijibu vizuri kwa sababu yule mwenzake aliyetabasamu alianza kutikisa kichwa kukubali. Ndipo mjomba akauliza la mwisho.

"Una jamaa katika kampuni hii?"

Safari hii alinitazama, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba. Nilifahamu. Aliogopa waseme anajaza ofisi Wazinjibari wenzake, sisi tuliorudi kutoka Unguja. Maneno hayo husemwa, nami nimeyasikia tangu skuli.

"Sina," nikasema. Akashusha pumzi.

Nilipotoka, aliyefuata alikuwa kijana ameshikwa bega na ami yake, anayefanya kazi humo humo. Yule ami hata mlango hakubisha. "Huyu wetu!" akasema kwa sauti, na wote watatu wakainuka kumpa mkono, mjomba akiwa wa kwanza. Nafasi akapata yule. Wenzetu ambao hawakupitia Unguja hawaoni haya kuwa na watu wao. Sisi tunakimbia mpaka kivuli chetu, kisha tunajisifu kwa ustaarabu. Loh!

Siku ile ile nilimhadithia mama. Alikunja mtandio wake, akaukunjua. "Usimwambie bibi yako," akasema. "Atakufa kwa kihoro. Mwambie nafasi zilijaa." Nikamwambia hivyo. Wenzangu wakavaa majoho yao wakapigwa picha, mimi nikabaki chuoni muhula mwingine, nikaanza tena kuandika barua pepe.

Ikafika Idi. Nyumba ya bibi imejaa, watu wanakunywa kahawa, watoto wanapigania peremende. Mjomba akaingia, akambusu bibi kichwani, akakaa ubavuni pake. Kiswahili chake kitamu, cha Unguja hasa, chamtoka kama asali. Akanitazama mbele ya ukoo mzima.

"Ee bibie, nasikia bado wahangaika na tadrib. Na mimi nipo? Mbona hukuja kwangu?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikatua sinia la vikombe chini, nikafungua mdomo, na mama akaniwahi.

"Ana haya huyu, kaka," alisema, anacheka kicheko ambacho sikupata kukisikia. "Nilimwambia aje kwako, akasema hataki kukusumbua."

Nikamtazama mama. Hakunitazama. Alikuwa akimmiminia mjomba kahawa.

Bibi akakunja uso. "Haya gani hizo? Huo ni ujeuri. Nilimpigia simu mimi mwenyewe, naye akakubali, nawe ukaniambia nafasi zilijaa, kumbe hata hukwenda? Umenivunjia heshima kwa mwanangu. Njoo hapa, mwombe radhi mjomba wako."

Watu wote walikuwa wananingoja. Nikapiga magoti, nikamshika mkono, nikamwomba radhi.

Akanisamehe.