Pole na Safari ya Bibi Chausiku

Jamani, Bibi Chausiku aliingia mapango ya Amboni! Ndani kabisa, kwenye lile giza la popo, mwaka sabini na tano, wakati watu kibao wa kijijini kwetu hata Korogwe mjini walikuwa wanaisikia tu. Bibi yangu mzaa mama, Bibi Mwanaidi, ndiye kanisimulia, na siwezi kukaa nayo peke yangu.

Iko hivi. Watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa huku kwetu Kwedizinga, Chausiku aliletwa peke yake. Alikuwa mjane, hana mtoto, na ndugu zake lori liliwashusha kijiji kingine mbali huko. Wenzake walihamia ukoo mzima, shangazi nyumba hii, shemeji nyumba ile. Yeye akapewa kiwanja cha mwisho, karibu na pori. Salamu za njiani alipata, tena ndefu, maana watu wa kwetu kwa salamu hawajambo. Ila hakuna aliyewahi kuingia kwake akakaa.

Sasa ilipofika Sabasaba, kila kijiji kikapewa nafasi moja kwenye lori la kwenda Tanga, kwenye sherehe na kutembezwa mji. Kwetu alichaguliwa mzee Kibwana. Asubuhi lori linapiga honi, Kibwana yuko kitandani anatetemeka homa. Watu wote wameshakwenda shamba la ujamaa. Chausiku ndiye alikuwa anapita, amechelewa, jembe begani. Mwenyekiti akamwambia panda wewe. Akapanda.

Na mnajua alichokuwa anakiwaza? Wala sio bahari. Alikuwa anawaza kurudi! Kwetu mtu akitoka safari lazima watu waende kwake kumpa pole. Wanakaa, wanauliza habari za huko, wanakunywa chochote kilichopo. Hata kama humpendi mtu, unakwenda. Kwa hiyo alijua akirudi tu, nyumba yake itajaa.

Dereva alikuwa Hiza, Msambaa mmoja mwenye maneno. Akamuuliza, "Mama, na jembe hilo, tunaenda kulima bahari?"

Lori zima likacheka. Chausiku akamjibu, "Wewe endesha. Likikwama hili lori lako utaniomba jembe hilihili."

Tanga alitazama kila kitu kama mtu aliyetumwa. Kwenye mnara wa saa alisimama mpaka akahakikisha mshale unasogea. Bandarini aliona marobota ya mkonge yananing'inia hewani. Bahari akaionja kwa kidole. Kisiwa cha Toten akakiangalia kwa mbali, akaambiwa kule kuna magofu na makaburi ya zamani. Yote hayo alikuwa anayapanga kichwani: hili nitawaambia kwanza, hili baadaye, wakishazoea kukaa.

Halafu Amboni. Kule ndani mwongozaji akazima taa ili waone giza lenyewe. Mara mkono wa mwanamke ukaushika wake, ukaubana kwa nguvu. Taa ilipowashwa, mama mmoja wa kijiji kingine akamwangalia, akauachia haraka, akamwomba radhi kwamba alidhani ni mdogo wake.

Akarudi kesho yake. Akafagia uwanja, akatandika mkeka, akabandika chai, akakaa barazani. Jioni watu wakaanza kupita, wamebeba uji. Wakampungia mkono, wakapitiliza. Walikuwa wanakwenda kwa Kibwana kumpa pole ya homa. Yaani pole zote zilikwenda kwa yule ambaye hakusafiri! Mwenyekiti hakumwambia mtu nani alipanda lile lori, alisahau kabisa. Na Chausiku angesemaje? Huwezi kutoka nje ukaanza kujiombea pole. Chai akaimwaga. Siku ya pili akakaa tena hapohapo, uji ukapita tena.

Jua linakaribia kuzama ndipo akaja bibi yangu na kigae mkononi. Alikuwa ameolewa juzijuzi, moto wake umezimika na viberiti vilikuwa vya kutafuta. Akaamkia, akaomba kaa la moto. Alivyokuwa anageuka kuondoka akauliza tu, "Mama, mbona shambani hatukuoni, unaumwa?"

"Nilikuwa Tanga."

"Tanga gani, mama?"

"Tanga ya baharini. Nilikwenda na lori la Sabasaba."

Bibi anasema alishangaa, akaweka kigae chini, akakaa pale mkekani. Akamwambia, "Basi pole na safari, mama."

Chausiku alitakiwa ajibu tu kwamba ameshapoa. Badala yake akainama akaanza kunyoosha mkeka uliokuwa umenyooka tayari, mpaka bibi akadhani kamuudhi. Ndipo akasema polepole, "Nimeshapoa, mwanangu."

Akaanza na mnara wa saa. Kaa likazimika kwenye kigae. Bibi akachukua lingine, na lenyewe likazimika hadithi imefika pangoni, maana ule mkono aliusimulia kuliko bahari. Alisema hajashikwa hivyo tangu ahamishwe.

Wengine hawakuja. Hata mmoja, mpaka ile safari ikawa ya zamani. Ila kesho yake jioni bibi alirudi kuomba moto, na kwake moto ulikuwa unawaka vizuri tu, mume wake anamcheka.

Naomba ukishasoma mtumie na mwingine asome.