Ndoo Yenye Alama Yetu

Barua ya kuitwa kidato cha kwanza ilipofika, mwaka wa sabini na kitu, kila mtu alikuwa na ushauri. Shangazi, niliyekaa kwake mtaa wa Wabera mjini nikisoma shule ya msingi, alisema nisikose sala. Maalimu wa madrasa alisema nisichekecheke na watu nisiowajua. Mwenye duka, ambaye hakuwahi kukanyaga sekondari, alinihutubia nusu saa kuhusu kukaa dawati la mbele. Nilisikiliza wote. Hakuna hata mmoja aliyeniambia jambo nililolihitaji, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Baba, mfugaji wa upande wa Kipsing, hakuwa na ushauri. Alikuwa na onyo. "Siku utarudishwa nyumbani, hata mara moja, shule imeisha." Wasichana wa kwetu waliofika sekondari siku hizo walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na nilijua hatanii.

Mama naye alipasha chuma moto, akachoma alama ya ukoo wetu kwenye ndoo yangu ya plastiki: mistari miwili na kitone katikati, ileile iliyo kwenye mapaja ya ngamia wetu. Alama hiyo si ya mtu mmoja. Ukiwa safarini na kiu imekubana, ngamia yeyote mwenye alama yenu unamkamua, unakunywa, unaenda zako. Huombi ruhusa. Kwetu kuomba ni kwa mtu asiye na watu.

Ndoo yangu ilipasuka ndani ya lori, kabla hata sijafika shuleni. Siku ya pili asubuhi nilitoka bwenini mikono mitupu, nikakuta foleni ya tangi la maji imezunguka jengo. Kando ya ukuta palikuwa na ndoo moja imejaa mpaka mdomoni, na ubavuni mwake mistari miwili na kitone. Furaha niliyoisikia! Kumbe nina watu hapa. Nikaibeba, nikaoga, nikafua soksi, kisha nikaiweka wazi kando ya kitanda changu. Mwizi gani huacha ndoo mahali ambapo kila mtu anaiona?

Saa sita nilisimamishwa mbele ya shule nzima. Kiranja wa bweni aliinua ile ndoo juu ya kichwa chake. "Angalieni huyu mono wa kidato cha kwanza! Hajamaliza hata wiki na ameanza kuiba!"

Nilipigwa na butwaa. Neno la wizi halikuwahi kusemwa nyumbani kwetu kuhusu mtu wetu. Mwenye ndoo, msichana wa kidato cha tatu, aliletwa mbele, nami nikamwambia haraka haraka kwa Kiborana kwamba alama yetu ni moja. Alinijibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma.

"Mimi simjui huyu. Nimepanga laini tangu saa kumi na moja, na amemaliza maji yangu."

Afadhali angenizaba kofi. Wengine walicheka, na mimi nilisimama pale nikimtazama mdomo, nikingoja aseme anatania.

Mwalimu mkuu, mama mkali aliyetoka Meru, alimwita baba. Alifika siku ya tatu, nguo zimejaa vumbi la lori la mbuzi. Ofisini alisikiliza yote, akaigeuza ndoo, akaipapasa alama kwa kidole. Kisha akamuuliza yule msichana jina la babake, la babu yake, na la babake babu. Msichana alijibu akiangalia sakafu. Baba akacheka kwa nafuu.

"Madam, hapa hakuna mwizi. Hawa ni watoto ya nyumba moja. Huyu ameoga maji ya dada yake."

"Mzee, hapa hakuna nyumba moja," mwalimu mkuu alisema. "Hapa kuna mwenye ndoo na mwenye hana. Akitaka kitu, aombe. Akirudia, aende nyumbani kabisa."

Baba aliiweka ndoo chini. Nililikumbuka onyo lake. Akilini nilikuwa nimeshaanza kukunja shuka zangu, nimeshaliona sanduku langu juu ya lori. Hatimaye akanigeukia.

"Umesikia? Basi jifunze kuomba."

Sikuamini masikio yangu. Huyu ndiye mtu aliyewahi kulala na kiu kando ya kisima cha ukoo mwingine, ng'ombe wake wakilia, ati asinyooshe mkono kuomba.

"Anza sasa," akasema. "Muombe huyu."

Nikamgeukia yule msichana. Machozi yalikuwa yananitoka. "Tafadhali, dada, naomba uniazime ndoo." Baba alikuwa ametupa kisogo, anatazama ukuta, na hakugeuka mpaka nilipomaliza.