Injini Ilipokuwa Kawale

Harufu ya mafuta ya taa hunirudisha Dzaleka, kambi ya wakimbizi kule Malawi, upesi kuliko picha yoyote niliyonayo. Sisemi harufu ya taa ya chemli. Nasema mafuta yaliyokwisha kuoshea vyuma, yakageuka meusi na mazito ndani ya beseni, yakichanganyika na vumbi la majira ya baridi na moshi wa kuni za mkaratusi kutoka jikoni kwa majirani. Majira yale, katikati ya miaka ya tisini, uwanja wetu mzima ulinuka hivyo, na sare yangu ya shule ilinuka hivyo, na mimi niliapa kwamba hata nsima yetu, ugali wa kule, ilinuka hivyo. Kambi ilikuwa bado changa. Majengo makubwa yalikuwa yale ya jela ya zamani, na kuyazunguka tulikuwa tumejijengea vyumba vya matofali mabichi, Warundi huku, Wazairwa kule, maana siku hizo Wakongomani bado tuliwaita Wazairwa. Kila mtu alijua jina la jirani yake, lakini hakujua jirani huyo alikuwa nani kabla ya kukimbia. Tulisalimiana kwa mikono miwili na kuulizana habari za watoto, huku macho yakipimana.

Sisi tulipimwa kuliko wengine kwa sababu tulikuja na gari. Lilikuwa pikapu ya Kifaransa ya zamani, ambayo kwetu Rumonge iliitwa Katsankati, kwa namba yake, mia nne na nne, iliyosemwa kwa Kifaransa haraka haraka. Baba alikuwa ameliendesha kutoka Burundi, akapita Kigoma, Sumbawanga na Mbeya hadi Malawi, mama akiwa mbele na mimi nimebanwa katikati ya godoro na masufuria. Wenyeji wa vijiji vya jirani walisema limeibiwa. Wakimbizi wenzetu walisema mkimbizi gani huyo anayekimbia na gari, lazima alikuwa mtu wa serikali. Baba hakuwa chochote cha namna hiyo, alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu, lakini alichoka kueleza akanyamaza, na kunyamaza kwake kukawapa watu maneno mengine. Katsankati ndiyo iliyotulisha. Ilibeba nyanya za wakulima wa Dowa kwenda sokoni Lilongwe, ikarudi na chumvi na sabuni. Ilipoanza kutoa moshi wa buluu na kunywa oili kila safari, nyumba yetu iliingia baridi, maana bila gari tungebaki na foleni ya mgao wa chakula tu.

Aliyepatikana kulitengeneza alikuwa Fundi Mlondani, Mbembe wa Fizi, mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyeishi upande wa Wazairwa na mke wake na mtoto wao mchanga. Alilisikiliza gari kwa muda, akavuta kijiti cha oili na kukinusa, akasema injini lazima itoke na silinda zikachongwe mjini. Vijana wa kanisani walisimika miti mitatu ya mkaratusi, wakafunga mnyororo wa kuazima, na injini ikapanda hewani ikidondosha matone meusi. Kulikuwa na karakana Lilongwe, mtaa wa Kawale, yenye mashine ya kuchongea. Baba alipakia injini kwenye lori la mahindi na kuondoka nayo. Alikuwa amesikia kwamba ukiiacha injini peke yake mjini, inarudi imevaa pistoni za mtu mwingine. Kwa hiyo alifikia kwa Mrundi mmoja pale pale Kawale, na kila asubuhi akaenda kukaa mlangoni mwa karakana akiikodolea macho injini yake mpaka walipofunga. Mama alibaki Dzaleka kulinda gari lililobaki. Mama akienda kuchota maji au kupika, nililinda mimi.

Katika kulinda huko niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu kabisa na madigadi ya mbele, na kuangalia mikono ya fundi. Mama alikuwa amenieleza kazi yangu waziwazi: hesabu alichoshika, hesabu alichorudisha. Nilikuwa na miaka tisa na niliipenda kazi hiyo, nisidanganye. Niliona ni heshima kubwa kuaminiwa katika nyumba ambayo hakuaminiwa mtu. Tena mama hakunitegemea mimi peke yangu. Usiku injini ilipokwisha kutoka, alitoa sandukuni kichupa chake cha rangi ya kucha, nyekundu, kitu pekee cha urembo alichotoka nacho nyumbani, akatia nukta ndogo kwenye kila chuma alichoweza kukifikia. Kucha zake mwenyewe hakuzipaka tena tangu tulipokimbia. Alisema tukibadilishiwa hata boliti moja, atajua.

Ila fundi alikuwa na mambo. Tulidhani injini ikiwa Kawale, yeye atakaa nyumbani kwake akiisubiri. Badala yake alikuja kila siku, akaingia mzimamzima kwenye lile shimo lililoachwa na injini, akaanza kugusa mambo ambayo hayakumhusu, au ndivyo tulivyoona. Alikwangua ukuta wa bati unaotenganisha injini na miguu ya dereva, akautia msasa na rangi nyeusi. Akachukua sahani ya klachi, iliyofunguliwa kwenye injini kabla haijaondoka, akasema imekufa. Akaja kwenye mabomba ya breki, akasema yameliwa na kutu, nayo yamekufa. Mipira inayobeba injini ilikuwa imepasuka, akakata mingine kwenye tairi la lori. Akaifungua rejeta na kuizibua kwa waya. Akafuata nyaya za umeme, moja moja, akizivisha upya pale panya walipotafuna. Mama alimuuliza mbona injini imezaa kazi nyingi hivi, na fundi, kichwa kikiwa ndani ya gari, akajibu kwamba hapo penyewe mkono haupiti injini ikiwemo, kwa hiyo wakati wake ni huu, baadaye itabidi kung'oa tena. Jibu hilo lilikuwa zuri mno kwa mama. Alinitazama kwa jicho lililosema niongeze macho.

Vipya vilitoka kwa baba. Fundi aliagiza kwa dereva wa lori la mahindi, baba akatafuta Kawale kwenye magari yaliyokufa, akatuma. Vikuukuu sikuviona vilipokwenda. Nilimwambia mama hivyo, na nilisema kweli: sahani ya klachi ilikuwa juu ya gunia, jioni haikuwepo tena. Na zile nukta nyekundu kwenye vyuma vilivyobaki garini zilikuwa zikipotea, kwa sababu fundi aliosha kila kitu kwa mafuta ya taa na kukisugua kwa brashi ya waya mpaka kikang'aa. Mama alizunguka gari akiinama na kuinuka, akitafuta alama zake. Chuma kisafi kilimtia shaka kuliko kichafu. Pamoja na hayo yote, kila adhuhuri alimpelekea fundi kopo la thobwa, kile kinywaji cha mahindi alichofundishwa na wanawake wa Kimalawi, na fundi akalipokea kwa mikono yake myeusi, akalimaliza kwa mkupuo, akasema zikomo, asante ya Wamalawi, akarudi shimoni.

Siku moja mama alijifanya anakwenda kumsalimu mke wa fundi na kumwona mtoto. Nilikwenda naye. Mke wa fundi alitukaribisha kigoda, akaenda kwa jirani kutafuta sukari ya chai. Mama hakukaa. Nyuma ya mlango kulikuwa na gunia, na mama alilifungua bila hata kutazama nyuma. Juu kabisa ilikuwa sahani yetu ya klachi, ina nukta nyekundu. Chini yake mabomba ya breki, mipira iliyopasuka, vipande vya nyaya, vyote vyetu, vyote na nukta nyekundu. Mama akavirudisha. Aliniuliza, kwa sauti ya kunong'ona ambayo bado naisikia, "Kama vimekufa, mbona anavitunza?" Tuliondoka kabla chai haijaja, na nililia njiani kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumpenda fundi na nikaona amenifanya mjinga pale pale juu ya ndoo yangu.

Mashitaka ya mama yalisikilizwa kanisani, na kanisa letu lilikuwa chumba kimoja cha jela ya zamani, chenye vidirisha vidogo juu kabisa ukutani. Wazee watatu walikaa kwenye benchi, wawili Warundi na mmoja Mzairwa wa Uvira. Kila aliyekuwa mle alijua kinachotafutwa. Wazee wakisema ameiba, jina lake lingepelekwa kwa wakuu wa kambi, na wakuu wangemkabidhi kwa polisi wa Dowa. Hata polisi wakimwachia, nani angempa spana tena? Mke wake alisimama mlangoni na mtoto mgongoni. Gunia lilikuwa sakafuni. Mama alieleza yote kwa utaratibu, nukta zake, kusuguliwa kwake, mlango, gunia, na alieleza vizuri hata mimi nikaona hakuna njia ya kutokea.

Fundi aliinuka taratibu. Alisema, "Hii vyuma ni yenu, mama. Kwetu fundi anarudishia mwenye gari vyuma yake ya zamani, aone kama ilikufa kweli. Anairudisha siku gari inalia, injini ikiwaka. Ningeiacha pale kwenu, batoto bangeibeba kuchezea. Mi nilikuwa nangojea gari ilie."

Mama akamuuliza kwa nini basi hakusema.

"Hukuniuliza," akajibu. "Ulikuwa unaniangalia tu."

Wazee walitazamana. Yule wa Uvira akasema desturi hiyo anaijua. Wale Warundi wawili wakasema wao si watu wa magari, wakulima tu, na kwamba mtu akikamatwa na mali ya watu hakosi desturi ya kusema. Mwishowe waliamua kumngoja baba, na mpaka hapo fundi asiliguse gari. Kwa siku zote zile Katsankati ilikaa uwanjani imefunua mdomo mtupu, na watoto wa Kirundi walipita wakimwimbia mke wa fundi mwizi, mwizi, kila alipokwenda bombani.

Baba alifika na injini juu ya lori, imechongwa, imefungwa kwa turubai. Alielezwa kabla hajashuka. Nilimtazama usoni nikijua kwamba atacheka, maana yeye alikuwa mtu wa magari, na mafundi wa Rumonge walimrudishia vyuma vyake kuukuu miaka yote, niliviona vimejaa ghalani kwake sokoni, ambako mama hakufika, nisijue ni vya nini. Hakucheka. Alilimwaga gunia mbele ya watu, akachutama, akaokota kimoja kimoja, akikipeleka garini kulinganisha na kipya kilichokaa mahali pake. Alipohakikisha kwamba hakikosekani kitu, ndipo alipowaambia wazee kuwa fundi amesema kweli na kwamba hivyo ndivyo mafundi wa heshima wanavyofanya. Nilimkasirikia baba siku ile kuliko mama. Mama hakujua. Yeye alijua, na bado alihesabu kwanza. Leo nafahamu kwamba mtu aliyekabidhi funguo za nyumba yake kwa jirani, kama baba tulipokimbia Rumonge, akasikia jirani huyo ndiye aliyewaonyesha njia waliokuja kuichoma, hahesabu kwa ubaya. Lakini fundi hakuwa jirani huyo.

Fundi alirudi kumaliza kazi, nami nilishangaa kwamba alirudi. Injini ilishuka kwenye mnyororo, ikakaa juu ya mipira aliyoikata kwa mkono wake, na alifunga boliti moja baada ya nyingine. Gari lililia mara ya pili tu ya kujaribu. Halikutoa moshi. Watu wa pande zote mbili walikuja kusikiliza, wakapiga makofi, na baba akamshika fundi mabega. Mama alitoka ndani na kopo la thobwa, kama kila adhuhuri, ila safari hii alipiga goti kidogo alipolitoa, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia.

Fundi alilipokea, akalitazama, akamrudishia.

"Onja kwanza, mama," alisema.

Hakuna Mrundi wala Mkongomani anayehitaji kuelezwa neno hilo, lakini nitalieleza kwa wengine. Kwetu mwenye kutoa kinywaji huonja kwanza, ili mgeni aone hakina sumu. Hufanyiwa mgeni. Mtu wa nyumbani haonjewi, na anayekula kwako kila siku akikuomba uonje, amekwambia kwamba hakujui. Uwanja mzima ulisikia. Mama alilinyanyua kopo, akanywa, nikaona koo lake likipanda na kushuka, akampa. Fundi akalimaliza lote, akashukuru kwa adabu, akaokota spana zake. Baada ya muda tulisikia amehamia Lilongwe, anafanya kazi Mtandire. Hakukanyaga kwetu tena, na mama hakumtafuta, kwa sababu angemwambia nini?

Katsankati ilitubeba miaka mingi. Breki zake hazikutuangusha hata mara moja. Leo naishi Lilongwe, mtaa wa Kauma, na mama anaishi nami, mzee sasa, macho yamefifia. Dzaleka imekuwa mji, na waliozaliwa kule hawajui nani alikaa huku na nani kule, wanaoana tu na kugombania mpira. Mama mwenyewe hazungumzii majira yale. Ila hampi mtu kitu cha kunywa bila kukionja kwanza, awe mgeni, awe mchungaji, awe mimi niliyetoka tumboni mwake. Hata wajukuu huwaonjea. Wanangu hucheka, wanasema bibi ana uroho, na humnyang'anya vikombe vyao kabla hajameza.