Zamu Niliyolala

Siku ile tulishinda tukipukuchua mahindi, mimi na dada yangu mkubwa Nyambura, kwenye shamba la Baba huko Bonde la Ufa. Mama alikuwa amefariki zamani. Baba alikuwa akimgombeza ng'ombe wetu, aliyezaa juzi, ati anaficha maziwa. Jioni matokeo ya kura yakasomwa redioni. Giza lilipoingia, nyumba za majirani zilikuwa zinawaka.

Tulikimbilia shule ya msingi, tukajifungia darasani na familia nyingine. Tulikuwa na panga mbili na firimbi moja. Tukapangiana zamu za kukaa mlangoni. Yangu ilianza saa nane za usiku hadi alfajiri.

Usiku wa tatu nililala.

Nilishtuka mlango uko wazi. Blanketi ya Baba ilikuwa imekunjwa.

Mayowe yalitoka upande wa shamba letu.

Kisha yakakatika.

Baba alikuwa amerudi kumkamua ng'ombe. Polisi walituletea mwili kesho yake.

Sasa ninaishi Karatina, nauza vitunguu sokoni. Nina mume na watoto wawili. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikiamka saa nane, saa tisa, tena saa kumi. Nakagua komeo. Naweka kiganja karibu na pua za watoto nisikie pumzi. Kisha napika chai ya rangi, nakaa. Mchana nasinzia mbele ya wateja.

Mwaka jana, usiku mmoja, mume wangu alitoka kwenda choo. Aliporudi alinikuta nyuma ya mlango, panga juu.

"Ni mimi," alisema. "Mama Ciku, ni mimi."

Asubuhi alinipeleka kliniki mwenyewe.

Daktari, mama wa makamo, aliniuliza ninafanya nini nikiamka. Nikamweleza.

"Na hiyo chai ni ya nini?"

"Ndio nisilale tena."

"Kumbe unaogopa kulala, si kuamka."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Aliniambia niache chai baada ya saa sita mchana, nisiangalie saa usiku, panga itoke chumbani. Usingizi ukikataa, niketi kwa utulivu mpaka urudi, lakini nisikague chochote. "Na naona kuna kitu umeficha," akasema, "tafuta mtu umwambie."

Nilienda Kianyaga, kwa Nyambura. Nilimkuta akichuma majani chai. Nikamwambia pale pale, kati ya mistari, kwamba nililala kwa zamu yangu na Baba akafa.

Aliendelea kuchuma kidogo. Kisha mikono ikasimama.

"Mimi nilikuwa macho," alisema. "Nilimuona akitoka. Aliniambia, usimuamshe, huyu mtoto amechoka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza mbona sikumshika."

Sikumuuliza. Nilimuuliza tu kama yeye hulala. Akatikisa kichwa.

Nilimsihi twende pamoja kwa yule daktari. Bado hajakubali, husema majani hayangoji.

Mimi bado naamka, siku hizi mara moja, pengine mbili. Moyo hudunda, jasho hunitoka, masikio yanatafuta mayowe. Naketi palepale kitandani nikingoja hofu ipite, na mara nyingi hupita. Siendi mlangoni. Najua sasa kwamba Baba alinionea huruma akaniacha nilale.

Afadhali angeniamsha.